Panya wa Figo Moja

Kazi yangu ni kuzima jeni. Tunaiharibu jeni moja ya panya tangu akiwa yai, kisha tunangoja azaliwe tuone ni kiungo gani hakikujengeka. Mimi nimejikita kwenye figo. Kwa shangazi yangu yote hayo yana jina moja: kufuga panya.

"Umesoma mpaka umeota mvi," huniambia, "halafu unakwenda kulea kitu ambacho wenzako tunakitegea mtego!"

Mwaka huo nilizima jeni ambayo niliapa mbele ya maabara nzima kwamba bila yake figo haiumbiki. Watoto watakufa siku ileile ya kuzaliwa, nikasema. Wakazaliwa wazima. Wakanyonya, wakanenepa, wakalowesha maranda ya vizimba kwa mkojo mwingi kama wa kunikomoa. Nikashinda nimenuna.

"Umewapasua?" akauliza profesa wangu, mama mpole asiyependa makelele.

"Ya nini, na ni wazima hivi?"

"Wapasue."

Nikawapasua. Wengi wao walikuwa na figo ya kushoto, kubwa, imenawiri. Kulia, patupu. Figo moja ilibeba kazi ya mbili na mwenyewe hana habari. Kichwa kikanivimba upya, nikaanza kutembea kama aliyeigundua figo yenyewe.

Ni wakati huohuo figo za kaka yangu, fundi viatu, zilipogoma. Daktari akauliza kama kuna ndugu wa kumtolea moja. Nilijitokeza kabla hajafunga mdomo, tena na somo juu.

"Moja inatosha kabisa, daktari. Inayobaki hukua ikaziba pengo la mwenzake. Nimeyaona kwa macho yangu."

Alinisikiliza kwa adabu, akanipeleka kwa mpiga altrasaundi. Kijana yule akanipaka ute wa baridi ubavuni, akapitisha kifaa kulia, kushoto, akarudi kulia. Nikaona anapotea, nikamsaidia.

"Panda kidogo. Figo ya kulia iko chini ya ini."

"Najua inapokaa, mama. Yako haipo."

"Angalia vizuri."

"Umewahi kupasuliwa?"

"Hata siku moja."

"Basi ulizaliwa na moja."

Nilibaki nimelala pale, ute ukinikaukia. Muda wote ule nimehangaika kutengeneza panya wa figo moja, kumbe mmoja nilikuwa namwogesha mwenyewe kila asubuhi.

Kumwambia kaka hakukuwa na kichekesho. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, machozi yakatangulia maneno. Alipoelewa, alinisukumia kona ya shuka nijifute.

"Kwa hiyo nilikuwa nakaribia kukupora hata hiyo moja."

"Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe nini? Kwani umeila?"

Tukacheka, ingawa hatukujua nani mwingine wa kumwendea. Shangazi alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

"Mimi hamniulizi kwa sababu sikusoma?" akasema. "Nipimeni."

Akapimwa, na zote mbili zilikuwepo, nzima. Akafaa. Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido na elimu yangu yote, sina msaada wowote zaidi ya kushika viatu vyao. Kesho yake kaka alinipigia, sauti imekauka: "Dada, nimekojoa!" Nikalirudia neno hilo kwa furaha katikati ya maabara. Wageni wa profesa wakanigeukia.

Baadaye tuliipima damu yangu. Jeni ile niliyoizima kwa panya, mimi ninayo, haina kasoro. Profesa akaniuliza figo yangu ilipotelea wapi basi. Nikafungua mdomo nimpe nadharia, nikaufunga.

"Sijui," nikasema.

Kaka amerudi kwenye viatu vyake. Shangazi humpigia simu kila jioni kuulizia hali, si yake, bali ya figo: imekunywa maji ya kutosha, na yeye anaitunza kweli?