Walioguswa Bega

Filomena hakutaka kwenda. Mumewe, Abel, ndiye aliyeng'ang'ania tangu aliposikia kwamba ukumbi wa kiwanda chao cha nguo umefunguliwa kuwa makumbusho. Kiwanda kilikuwa kimebinafsishwa, mitambo ikauzwa, na Abel akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Tangu hapo alishinda nyumbani Bigwa, akipalilia mchicha, maneno yakimtoka kwa shida.

Walipoingia ukumbini, waliona ukutani picha na ovaroli za zamani zimetundikwa. Katikati alisimama msanii, kijana aitwaye Gervas, amevaa suti na kushika fimbo.

"Shikamooni, wazee wangu. Leo hakuna mtazamaji, sote tunaigiza siku ile ya kupunguzwa kazi. Jipangeni mstari. Nitakayemgusa bega apite mlango ule, asiulize kitu."

Watu wakajipanga huku wakicheka. Gervas akaanza kupita taratibu, kimya. Vicheko vikakatika. Kila aliyeguswa aliinamisha kichwa akaenda, na mlango wa chuma ukafungwa kwa kishindo nyuma yake. Filomena akasogea karibu na Abel. Akamshika mumewe mkono.

Fimbo ikatua begani mwa Abel.

"Usiende," Filomena akanong'ona.

Abel akauchomoa mkono wake, akaenda. Mlango ukajibamiza.

"Fungua!" Filomena alipiga kelele.

"Mama, ni sanaa tu. Huko nyuma wanakunywa chai."

Gervas akafungua. Kweli walikuwa uani, vikombe mkononi, wanataniana. Abel hakuwemo. Wakaita, hakuitika. Gervas akakimbilia langoni, akarudi mbio.

"Lango la nje limefungwa," alisema. "Hawezi kuwa mbali."

Walimkuta kwenye jumba la kufumia, pale ulipokuwa mtambo wake. Sakafuni yalibaki matundu ya boliti tu. Abel alisimama hapo, vidole vikiunganisha uzi usiokuwepo, harakaharaka.

"Baba Joyce," Filomena akaita.

Alimtazama kama mtu asiyemjua. "Ondoka, mama. Msimamizi akikuona hapa atanifukuza."

Gervas akaitupa fimbo. Maonyesho aliyafunga siku hiyohiyo, na yeye na Filomena wakamtoa Abel wamemshika huku na huku.

Nyumbani Abel alikula vizuri kuliko siku zote, akaoga. Filomena akaanza kupumua. Kisha akamwona akitandaza shati lake la kazi juu ya kiti, akilinyoosha kwa kiganja.

"La nini hilo?"

"Kesho niamshe mapema," Abel alisema. "Wamenirudisha."