Mkanda Uliopakwa Mafuta

Tangu kupambazuka Fundi hakutulia. Mara achungulie tangi la dizeli, mara akaze nati aliyoikaza jana, mara atoke kutazama foleni ya ndoo za mahindi. Jina hilo alipewa na wanawake wa kikundi walipomtuma mjini kujifunza kuendesha mashine ya kusaga. Mashine waliinunua kwa mavuno ya shamba lao la pamoja, na leo ndiyo inaanza kazi. Ikigoma, wateja watarudi kwa yule bwana wa ng'ambo ya barabara, anayesaga akijisikia. Na nani atamwamini tena mwanamke mwenye spana?

Akazungusha hendeli. Injini ikanguruma, vigelegele vikapaa. Lakini kinu, wapi! Mkanda wa kukizungusha uliteleza tu juu ya gurudumu.

"Twendeni zetu," akasema mteja mmoja, akijitwisha ndoo. "Wanangu hawali kelele."

Fundi akazima injini. Akaushika mkanda. Mafuta! Tena ya kupikia.

"Nani kaupaka mkanda mafuta?"

Mama mkwe wake, mfagiaji wa kinu, akasogea akivutavuta ncha ya khanga. "Mimi, mwanangu. Nimeuona umepauka kama visigino. Nikasema ung'ae, leo siku yako."

Weee! Hasira zilimpanda Fundi. Amfokee mbele za watu? Huyu huyu aliyemlelea watoto wakati wa mafunzo, mume amenuna?

"Lete jivu, mama," akasema kwa shida.

Wakaupangusa mkanda kwa matambara, wakausugua na jivu. Fundi akaeleza, huku akitupia jicho ndoo zinazoondoka, kwamba mkanda hushika gurudumu kwa ukavu wake.

"Kumbe!" Mama mkwe akamkazia macho. "Sasa mbona hukuniambia? Tangu urudi mjini, tukikuuliza unasema tutaharibu."

Fundi akaona ni kweli. Kikundi kizima kilimtuma akalete ujuzi, naye kaufungia kichwani, anajiona mkubwa. Aibu ikamshika hasa, jamani.

Akachomoa hendeli, akamwekea mama mkwe mkononi. "Washa wewe. Nitakushika mkono. Na nyie wengine sogeeni, msisimame huko kama wageni."

Wakazungusha pamoja. Injini ikaitika, mkanda ukashika, kinu kikazunguka. Unga ukaanza kumwagika.

"Na kuzima je?" akapaza sauti mama mkwe. "Nifundishe na kuzima!"