Bega la Nagabhushana

Wewe umewahi kumwona mkuu wa ofisi anayengoja kubonyezwa bega ndipo aseme? Bengaluru, kule India, yuko mmoja, ghorofa ya tatu, kwenye ofisi ya bodi za kuchakata sauti, na wenzake wameshamzoea.

Shailaja ndiye aliyeandika kiendeshi, yale maagizo yanayoiwezesha prosesa kuzungumza na chipu zilizo jirani yake kwa nyaya nne nyembamba. Prosesa hushusha umeme kwenye waya wa chipu inayotaka kusema nayo, kisha huipigia mdundo kwa waya mwingine, na chipu hujibu kwa kufuata mdundo huo. Isiyoshushiwa waya hukaa kimya.

Siku ya Wahindu ya kuheshimu vyombo vya kazi, walizima kila kitu, wakapangusa vumbi, wakazipaka bodi manjano na poda nyekundu, wakazivika mashada ya maua. Siku hiyo vyombo hupumzika. Hata mfagiaji hakugusa ufagio. Nagabhushana, mkuu wao, alibaki nyuma, akaiwasha bodi moja ikiwa na maua yake, akafuta jina la Shailaja juu ya kiendeshi, akaandika lake, akakituma kwa watunzaji wa programu huria zinazotumiwa na dunia nzima.

Kesho yake alifika kazini bubu. Shailaja, akipita na kahawa yake, alimbonyeza bega ili ampishe, huku kucha zake zikigonga kikombe cha chuma. Nagabhushana akasema, "Habari za asubuhi," na kucha zilipotulia, akanyamaza. Wengine nao walimjaribu, wakabonyeza na kugonga. Bega likabaki bega.

"Huyo anataka waya na mdundo, dada," alisema Chikkanna wa meza ya pili. "Mgonge polepole, umri umekwenda." Akaendelea kula uppittu yake, ule ugali laini wa semolina, kabla haijapoa.

Tangu hapo Shailaja aliwekewa kiti nyuma ya mkuu katika kila mkutano. Alimgongea mbio, naye mkuu akasema mbio mpaka jasho likamtoka. Alimwachia katikati ya sentensi, akanywa kahawa mpaka povu likaisha, ndipo akarudi. Chikkanna alimwambia anamtesa mzee wa watu. Shailaja akasema hata hajaanza.

Ukafika uchumba wa binti yake Nagabhushana. Mkewe, Vanamala, alikwenda kwa Shailaja na kitambaa cha blauzi na maua ya nywele, akamwomba ampe mumewe neno moja tu la kumkubalia mkwe. Shailaja alikwenda. Baba wa kijana alinyoosha tambuu na nazi, akangoja. Shailaja alikunja mikono mapajani mpaka kuhani akakohoa, kisha akamnong'oneza Nagabhushana: jina lirudishwe Jumatatu. Nagabhushana akaitikia kwa kichwa. Mkono ukashuka begani, kucha zikagonga kiti, na Nagabhushana akamtoa binti yake kwa sauti nzuri sana.

Jumatatu jina halikurudi. Mchana walikuja wanunuzi, wakauliza nani aliyeandika kiendeshi kizuri namna ile. Shailaja akabonyeza bega, akagonga taratibu.

"Mimi," alisema Nagabhushana.

Wanunuzi wakampongeza. Shailaja aliuondoa mkono, akachukua mkoba wake, akainama kwenye sikio lake.

"Nataka jina langu, mzee," alisema. "Siku ukilirudisha, uniite."

Akashuka ngazi bila haraka.