Bosi Mevlida Hakai Ofisini

Tangu Mevlida apandishwe cheo kuwa msimamizi wa ustawi wa jamii pale Travnik, mji wa Bosnia, kiti chake kipya kilikuwa hakijamzoea. Miaka kumi na minane alizunguka nyumba za wazee; sasa kazi yake ilikuwa kuwaongoza wanaozunguka. Cheo alikipokea, miguu ikakikataa. Behija, binti aliyeachiwa wale wazee awazungukie, kila alikobisha hodi alimkuta bosi ameshakaa.

Jumatatu hiyo Behija akasema, "Dada Mevlida, naenda kwa Nana Zumra. Ukiniingilia kazi tena, kesho naandika barua ya uhamisho."

"Mimi? Nakusindikiza tu."

Nana Zumra, mjane wa miaka themanini na miwili, alikuwa hataki kabisa kuletewa mtu wa kumwogesha. Behija akaanza kumwuliza polepole. Kabla bibi hajafungua mdomo, Mevlida akamjibia. Behija akatoa fomu, Mevlida akaidaka. Behija akafunga kalamu.

Nana akawatazama, akaenda jikoni, akarudi na mdila wa kahawa. Behija alimiminiwa ya kukaribishwa, povu juu, na kipande cha sukari. Baada ya kitambo kidogo Mevlida naye akaletewa yake: nyepesi, imepoa, haina hata povu.

"Nana! Hii si ile ya kumwambia mgeni aondoke?"

"Kumbe hujasahau mila. Kunywa, mwanangu."

"Miaka kumi na minane mimi na wewe!"

"Ndiyo shida. Umeshakuwa binti yangu. Mambo ya kuogeshwa nitamwambiaje binti yangu? Huyu ni mgeni, simwonei haya."

Mevlida akanywa yote, machicha yakamkaa menoni, akatoka.

Saa sita Behija akaingia ofisini, fomu ina sahihi. "Kakubali. Ila anataka asubuhi, na asubuhi hakuna nafasi. Nifanyeje?"

Mevlida alilijua jibu. Lilimwasha ulimini kama pilipili.

"Wewe unaonaje?"

"Tumsogeze mzee Fehim mpaka mchana. Yeye haamki kabla ya saa nne."

"Fehim? Fehim yule huwa..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Haya, endelea."

Behija akacheka, akaendelea mpaka mwisho.

"Na ile barua?" Mevlida akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimeshaiandika, bosi. Tarehe tu sijaweka. Tuone Ijumaa."