Sare ya Mtu Mzima

Asubuhi, baada ya kupiga mswaki na kabla ya chai, karani wa mapokezi alivua mabega yake na sehemu ya nyonga, akavipangusa kwa kitambaa kikavu na kuvilaza kwenye droo ya kati, juu ya foronya. Kisha akavaa sare. Zipu ilipanda bila taabu.

Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa ofisi ile ya bima. Sare zilikuja zimeshonwa tayari, saizi moja, ya msichana wa kwenye katalogi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mhasibu aliacha kifua kabatini. Bi Stempu, mgonga mihuri wa mikataba, aliacha vitu vingi mno, hata mumewe akazoea kupiga soga mchana na kile kilichobaki nyumbani. Alisema ndicho chenye kicheko. Jioni kila mmoja alirudi, akajivalia vyake, akaingia jikoni.

Shida ya karani ilikuwa mama yake. Miguu ya mama ilikuwa imegoma, nao waliishi ghorofani, kwa hiyo siku za kliniki binti alimbeba mgongoni ngazi zote. Jioni moja alivaa mabega kama kawaida, akainama, mama akapanda, na bega la kushoto likachomoka na kubiringika hadi chini ya meza.

"Limelegea," mama alisema, akiwa amedaka kiti.

"Nililivaa harakaharaka, mama."

"Acha. Limechoka kukaa droo. Unadhani miguu yangu ililiwa na uzee? Enzi zangu kazini zilikuwa sketi za kubana. Miguu nilikuwa naiacha chini ya kitanda. Siku moja nikaivaa, ikakataa."

Aliyasema hayo huku akijikuna goti, bila kupandisha sauti. Binti aliliokota bega, akalipuliza vumbi, akalirudisha kwenye droo. Hakulivaa tena wiki ile, wala vingine vya droo, kwa hofu ya kuvivunja.

Jumamosi alikaa na simu yake. Kulikuwa na duka mtandaoni lililouza pateni, ile michoro ya kukatia nguo, lakini si ya saizi za kupangwa. Unaingiza vipimo vyako mwenyewe, na mistari inasogea kukufuata. Unachagua kola, urefu wa mikono, mifuko. Alichagua gauni lenye kola na vifungo kama vya sare. Akajizungushia futi, akaandika tarakimu. Simu ikajibu: *Vipimo havijakamilika. Tafadhali ongeza vilivyo kwenye droo.*

"Si umejipima ukiwa nusu?" mama alisema. "Nenda kavilete."

Akavileta. Mama aliyashikilia mabega yasianguke wakati futi ikipita, kisha nyonga.

"Na usibane tumbo. Kwani nani anakutazama?"

Safari hii mistari ilitanuka, ikatulia. Karatasi alizichapisha kwenye duka la fotokopi. Akapima kwa rula kamraba ka kipimo kalikochorwa pembeni kuhakikisha mashine haikupunguza kitu, akaziunganisha kwa selotepu sakafuni mpaka zikafika mlangoni. Gauni la kwanza alilishona kwa shuka kuukuu. Lilivuta kwapani. Akarudi kwenye simu, akaongeza kidogo, akachapisha upya kipande kile tu. Ndipo alipotandika kitambaa cha bluu, rangi ileile ya ofisi. Mama alichomeka pini na kusimamia mifuko: iwe mirefu, mkono uingie wote.

Alipolivaa gauni lenyewe, bega la kushoto liliingia mahali pake kwa mlio mdogo, kama kifuniko kilichopata sufuria yake. Alilivuta kulijaribu. Halikutoka.

"Inama," mama alisema.

Aliinama, akambeba mpaka chini, akazunguka naye jengo zima, akapanda naye tena bila kupumzika. Mama aliwasalimia majirani wote kutoka juu, hata wale aliokuwa hasemezani nao.

Jumatatu meneja alisimama mbele ya meza ya mapokezi.

"Umeongezeka," alisema.

"Sijaongezeka, bosi. Leo nimekuja mzima."

Meneja alikagua rangi, kola, vifungo. Vyote vilikuwa sawa. Kanuni hazikutaja kilichomo ndani. Akaondoka. Siku hiyo wateja wa nyuma kabisa kwenye foleni walimsikia karani akiwaita, na hakuna aliyeuliza mara mbili.

Bi Stempu ndiye aliyetangulia kuja nyumbani kwa karani, akiwa na sanduku la nguo. Mumewe alishika mpini wa pili.

"Sasa mchana nitaongea na nani?" mume alilalamika.

"Utanisubiri jioni, kama waume wengine."

Mhasibu alileta vyake kwenye kapu. Wengine wakafuata. Sebule ilijaa karatasi na vicheko, na mama, kitini, alimwamuru kila mmoja aachie tumbo. Baada ya muda ofisini ilibidi mashine ya fotokopi isogezwe ili watu wapishane. Kicheko cha Bi Stempu, ambacho ofisi haikuwahi kukisikia, kilitingisha vioo, na kazi ikaenda.

Mwishowe meneja alifunga mlango wa ofisi yake, akamuuliza karani kwa sauti ya chini, "Hizo pateni, suruali zipo?"

"Zipo, bosi."

"Na tumbo? Mimi langu liko nyumbani tangu nipandishwe cheo."

"Lilete tulipime."

Miguu ya mama haikurudi. Sare mpya kutoka makao makuu zilikuja mwaka huo kama kila mwaka, kwenye maboksi, saizi ileile, na meneja alitia saini kuzipokea huku tumbo lake likigusa meza. Msichana aliyeajiriwa siku hiyo alipewa yake. Kesho yake alifika mapema, nadhifu kabisa, mikono ikining'inia, bila viwiko.

Bi Stempu aliweka muhuri chini.

"Viwiko vyako viko wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mama. Kwenye friji."

"Jumamosi njoo navyo."