Kiti cha Kuinukia

"Haya mama, sasa inuka," mwamuzi akaniambia.

Nilikuwa nimekalia kiti cha mjukuu wangu katikati ya ukumbi wa chuo, watu wamenikodolea macho kama bibi harusi. Mikono ya kiti ilitokeza mbele, ikapita magoti, ikapinda juu kidogo. Nyumbani kilichekwa. "Hiki kiti au ng'ombe?" fundi baiskeli jirani yetu aliuliza. Mjukuu akamjibu, "Ng'ombe. Nirudishie msasa wangu."

Alikibuni kwa ajili ya magoti yangu. Binti huyo nilimlea tangu akiwa wa kubebwa, na magoti yalipogoma, zamu ikageuka. Kila asubuhi alinishika viganja, "Haya, mtoto wa watu, twende juu," akanivuta. Mimi naguna, yeye anacheka.

Shuleni kwao zikaja habari za shindano la ubunifu la wanafunzi. Mshindi analipiwa masomo ya chuo mpaka amalize. Nikamwambia ajaribu. Aliendelea kuosha vyombo, kisha akauliza, "Nikienda, nani atakuinua?"

Kesho yake akaanza kunipima. Kisigino hadi goti, goti hadi nyonga. Alinikalisha juu ya maboksi, juu ya matofali, juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, mpaka nikamwambia nimechoka kuliko fundi mwenyewe. Kiti kilipokamilika niliinuka peke yangu, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi kukaa. Ili niinuke tena, basi.

Jambo moja hatukulijua mpaka siku ya shindano. Pembeni mwa ukumbi zilipangwa kazi za washindi wote wa nyuma, tangu shindano lilipoanza: taa ya udongo, kigari cha kubebea maji, dawati la kukunja. Zote nyuma ya kamba. "Kazi inayoshinda hubaki kwetu," mwamuzi alitueleza. "Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo."

Mjukuu aliposikia hivyo akaniinamia sikioni. "Bibi, ukitaka, guna. Sema kinakuumiza. Tutarudi nacho nyumbani, mimi na wewe na kiti chetu."

"Hebu nyamaza, waheshimiwa wanangoja."

Nikavitazama vidole vyake, vimejaa michubuko ya msumeno. Nikashika ncha za ile mikono ya kiti, nikaegemea mbele, nikainuka. Sikuguna.

Alipokwenda chuoni alibeba sanduku langu la bati. Mimi nikasogeza kigoda dirishani, nikawa najivuta kwa nondo. Asubuhi zilikuwa ndefu. Likizo ya kwanza akanitengenezea kiti kingine, cha mbao za makreti. Kinalia kama mlango mbovu, lakini kinainua.

Siku ya mahafali yake, wenzake wakipigana picha nje, niliingia peke yangu ule ukumbi. Kiti kilikuwepo, kimefutwa vumbi, kimezungushiwa kamba. Nikaifungua kamba taratibu, nikakaa.

Mlinzi akaja mbio. "Mama! Hapo hapakaliwi, huoni kamba?"

"Naiona, mwanangu. Nainuka sasa hivi."

Akaninyooshea mkono anivute. Nikamwomba aurudishe mfukoni.