Mgonjwa Apone Kabla Majina Hayajapanda

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko kazini, jambo ambalo si haki, maana kazini nilikuwa nimetoka.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu za nje kwenye banda la video, hapa Kihonda. Picha inakwenda, mimi nimeshika maiki, na wote mle ndani ya picha, wake kwa waume, wanaongea kwa sauti yangu. Sijisifu, lakini nikikohoa mimi, jambazi naye anakohoa.

Ndotoni nimewekewa filamu ya mgonjwa wa sonona. Mwanamke amelala kwenye kochi, daktari ana daftari. Daktari anauliza, "Unajisikiaje?" Mwanamke anaangalia dirisha. Dakika ya pili inaingia, bado dirisha. Wateja wangu hawavumilii ukimya, wameanza kupiga miluzi, basi nikamsemea: "Daktari, ni wifi yangu. Amenifukia kitu kizingitini."

Banda zima likapiga makofi. Mwanamke akageuza shingo, akanitazama kutoka kwenye skrini.

"Kaka, hayo nimeyasema saa ngapi?"

"Samahani, dada. Ulikuwa unachelewesha picha."

"Nilikuwa nakaribia kusema." Akavaa viatu, akaondoka zake.

"Nani anafuata?" kochi likauliza. Lina sauti nzito, kama mwenyekiti wa mtaa. "Mie nipo kwenye filamu hizi miaka thelathini. Sheria ni moja: mgonjwa alie mara moja, akumbatiwe, apone kabla majina ya mwisho wa picha hayajaanza kupanda. Kwenye hospitali za kweli hawanitumii. Wana benchi."

Nikageuka nione wateja wanasemaje. Hakuna wateja, hakuna banda. Niko chumba cha daktari, na aliyelala kwenye kochi ni mdogo wangu Mbaraka.

Mbaraka ni dereva wa lori. Wiki saba zilizopita, njia ya Dumila, alimgonga mama mmoja wa baiskeli, akafa palepale. Tangu siku hiyo yuko ndani kwangu, hali, halali. Watu wakiuliza, msemaji ni mimi: malaria tu, anaendelea vizuri. Juzi alimwambia mke wangu Tausi kwamba bora angekufa yeye. Tausi akamtafutia miadi kliniki ya afya ya akili, leo saa nne, na mimi nilishapanga maelezo yote ya kumsemea kwa daktari. Naogopa sana, jamani. Nikiogopa huwa naongea.

Mle chumbani mvua inanyesha. Inamnyeshea Mbaraka peke yake. Kuna mzee juu ya ngazi anammiminia kwa ndoo yenye matundu.

"Mzee wangu, shikamoo. Hebu acha."

"Marahaba. Ni tukio la huzuni hili. Bila mvua watu watajuaje?"

Daktari akamuuliza Mbaraka, "Unajisikiaje?"

Mbaraka akafungua mdomo. Ikatoka sauti yangu: "Malaria tu, daktari, naendelea vizuri."

"Haya, amepona," daktari akasema, akafunga daftari.

Hapo majina ya mwisho wa picha yakaingia mlangoni kwa foleni. Mshika taa, mpishi, mpiga pasi, msaidizi wa mpiga pasi. Yakaanza kupanda ukuta kwa adabu, moja moja, kuelekea darini.

"La kwanza likishapotea," kochi likasema, "picha imekwisha, na mgonjwa anaondoka nayo."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Filamu ikiisha watu wake wanaendaga wapi? Unaniuliza mimi, kochi?"

Mshika taa ameshafika darini, kichwa kimeanza kuzama. Nikapiga kelele, "Mbaraka, sema!" Mbaraka akafungua mdomo: "Mbaraka, sema!" Sauti yangu, mpaka na kikohozi changu. Loh! Nikalia, wala sioni haya kusema.

"Daktari, nizime."

"Huzimiki wewe. Labda tuitoe hiyo sauti."

Nikaachama. Akaivuta sauti taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni mwa mtoto, akaikunja, akaiweka kwenye droo pamoja na mikasi. "Utaifuata Jumatatu," akaniambia. Majina yakaganda ukutani, mpiga pasi mguu mmoja hewani. Mzee akashusha ndoo. Mbaraka akavuta pumzi, na mimi nikaamka.

Kumekucha. Tausi ananiuliza nitakunywa chai saa hizi au baadaye, na simjibu, maana sauti haipo. Koo haliumi. Mafua sina. Jana nimelala naongea vizuri tu.

Nikampelekea Mbaraka chai chumbani. Amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati lake safi la kwendea kliniki. Kila asubuhi huwa naingia na maneno yangu: umeamkaje, leo uso umechangamka, eeh, utapona tu. Leo nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikakaa karibu yake. Tukakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaona aibu.

"Kaka," akasema, "yule mama aliniona. Kabla sijamgonga tuliangaliana."

Hilo sikuwa nalijua. Wiki saba tumelala nyumba moja. Nilitaka kumwambia asiwaze hayo, yameshapita, ni kazi ya Mungu. Midomo ikacheza bure, na yeye akaendelea kusema, mpaka chai ikaota utando.